Sanduku la vipande 24 vya "madini asilia": fuwele ni za kweli, lebo ndizo zenye kasoro

Sanduku hili huuzwa mtandaoni kwa wanafunzi na kwa wakusanyaji wanaoanza. Ndani mna vipande 24, kila kimoja kwenye kishimo chake cha sponji, pamoja na lenzi ya mkono, kigae cha kupimia rangi ya unga, sumaku, taa ndogo ya urujuanimno na kijitabu chembamba. Kifuniko kimeandikwa "madini asilia 100%". Tumevipima vipande vyote na hesabu imetoka hivi: 12 vimetoka ardhini na havikufanyiwa lolote zaidi ya kuchimbwa, kusafishwa na kuchongwa, 4 vimetoka ardhini lakini vimechomwa, vimetiwa rangi au asidi, au vimepakwa metali, 7 vimezaliwa kiwandani, na kimoja, chumvi, kimesimama mpakani. Kwa anayetaka kujifunza kutofautisha, hili ni sanduku la kufaa sana, kwa sababu lina pande zote mbili za mfano. Aliyeziamini lebo, amepotoshwa mara 11.

Neno "bandia" lenyewe linahitaji kuwekwa mahali pake kwanza. Fuwele ni atomi zilizojipanga kwa utaratibu unaojirudia, na tanuri huzipanga kama mwamba unavyozipanga. Kipande cha metali ya bismuti cha kwenye sanduku hili ni fuwele kamili ya bismuti; ila si madini. Tangu 1995, ufafanuzi unaofuatwa na Shirikisho la Kimataifa la Minerolojia, IMA, unataka kitu kiwe kimetokana na michakato ya kijiolojia ndipo kiitwe madini. Mpaka huo una kona zake. Chumvi za metali zinazochipua zenyewe kwenye kuta za mgodi uliochimbwa zinaweza kukubaliwa, kwa kuwa mtu alifungua mwamba tu, kisha hewa na maji vikafanya kazi yao. Zinazoota juu ya mavi ya tanuri, yaani takataka zinazobaki metali ikiyeyushwa, hazikubaliwi tena. Ziko zilizowahi kukubaliwa: huko Lavrion, Ugiriki, masalia ya kuyeyusha risasi na fedha yaliyotupwa baharini enzi za kale yalikutana na maji ya chumvi yakazaa laurioniti na jamaa zake, na majina hayo yameachwa kwenye orodha. Mwaka 2017 Robert Hazen na wenzake walihesabu aina 208 za kwenye orodha ya IMA ambazo hutokea hasa, au pekee, kwa sababu ya shughuli za binadamu. Kwa hiyo swali la kukiuliza kipande si "je, ni fuwele kweli?" bali "nani aliandaa joto, maji na nafasi ya kukua?" Kijitabu cha sanduku hakiligusi swali hili hata kwa sentensi moja, na hilo ndilo pengo lake kubwa.

Vifaa vilivyomo, na kimoja kinachokosekana

Lenzi imeandikwa 30×. Si kweli, inakuza takriban mara 10. Kuhakikisha ni rahisi: tazama rula ya milimita kwa jicho moja kupitia lenzi, na kwa jicho la pili tazama rula nyingine moja kwa moja, iliyo umbali wa sentimita 25. Milimita moja ya ndani ya lenzi ikifunika 10 za nje, umepata jibu. Kwa kazi hii mara 10 zinatosha kabisa, ila uongo ulioandikwa kwenye kifaa cha kupimia unaudhi.

Kigae kina upande unaong'aa na upande mkavu. Kijitabu kinaonyesha picha ya jiwe likisuguliwa upande unaong'aa, ambao hauachi unga wa kusomeka. Sugua upande mkavu. Kumbuka pia kwamba ugumu wa kigae ni kama 6.5 hadi 7. Jiwe gumu kuliko hapo hukichimba kigae, na unga mweupe unaouona ni wa kigae chenyewe. Sumaku ni nzuri na ina nguvu. Taa ya urujuanimno ni ya nanomita 395, yaani zambarau nyingi na urujuanimno kidogo. Inatosha kufichua gundi, haitoshi kwa mengi zaidi.

Kinachokosekana ni mizani, na bila mizani mtu anabaki kubahatisha. Nunua ndogo ya kidijitali yenye usahihi wa gramu 0.01, kisha pima densiti, yaani uzito wa kipande ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule, namna hii. Pima kipande kikiwa kikavu, andika namba. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza sufuri. Funga kipande kwa uzi mwembamba, kizamishe chote bila kugusa kuta wala kitako cha kikombe, soma namba. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Makosa ya kawaida ni mawili: viputo vya hewa vilivyonasa kwenye mianya, vinavyofanya densiti isomeke ndogo kuliko ilivyo (tone la sabuni ya maji husaidia), na kipande kugusa kitako, hapo namba ya pili hupanda ghafla na matokeo hayana maana. Kipande kinachoyeyuka kwenye maji kizamishe kwenye mafuta ya taa, kisha zidisha jibu kwa 0.8, ambayo ndiyo densiti ya mafuta hayo kwa kukadiria.

Saba za kiwandani

Kipande kilichotupa funzo kubwa kuliko vyote kimeandikwa "galena". Kina rangi ya kijivu cha chuma kipya na kinang'aa kama kioo cha kujitazamia. Uzito wake ni gramu 46.6, na maji kiliyoyasukuma ni gramu 20.0, yaani densiti 2.33. Galena ni sulfidi ya risasi yenye densiti ya karibu 7.5; kipande cha ukubwa huo kingekuwa na gramu 150 na ungekihisi mkononi kabla hujakitazama. Hiki ni silikoni ya kiwandani, inayopatikana kwa kuchoma kwatzi pamoja na kaboni kwenye tanuri la umeme. Hata bila mizani kuna ishara mbili. Galena hupasuka kwa ngazi za pembe mraba, vijichemraba juu ya vijichemraba, lakini hiki kimevunjika kwa mikunjo kama ganda la kombe. Tena galena hukwaruzwa na sarafu ya shaba, wakati hiki kinakwaruza kioo cha dirisha. Silikoni tupu ya asili ipo, lakini ni chembe adimu mno. Donge la kujaza kiganja halitoki mwambani.

"Moisanaiti ghafi" ni rundo la vibapa vyeusi vyenye rangi za upinde wa mvua. Densiti imetoka 3.2, na vibapa vinakwaruza kwatzi bila shida. Kwa hiyo jina la kikemia ni sahihi: ni kabidi ya silikoni. Lakini moisanaiti ya asili, ambayo mkemia Henri Moissan aliitambua mwaka 1904 ndani ya kimondo cha Canyon Diablo huko Arizona, Marekani, hupatikana kwa chembe ambazo nyingi hazifiki milimita moja. Vibapa vya sentimita nzima ni kaborandamu, yaani kabidi ya silikoni ya kiwandani, ya tanuri la Acheson, mchanga na makaa ya koki vilivyopashwa umeme hadi zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi. Geuza kipande chini juu. Upande wa chini una vumbi jeusi la kaboni na sehemu zenye vinyweleo kama mkate, alama ya donge lililokwanyuliwa kutoka kwenye ukuta wa tanuri. Hakuna mwamba wowote ulioshikamana nacho. Rangi za juu ni tabaka jembamba la oksidi.

Bismuti nayo inasifiwa na kijitabu kuwa "adimu kutoka migodini". Ngazi zile za mraba zilizo na mashimo katikati, zenye waridi, buluu na dhahabu, hutokea bismuti iliyoyeyushwa kwenye nyuzi 271 inapopoa polepole, kisha kiowevu kilichobaki kikamwagwa. Kingo hukua haraka kuliko katikati ya uso, ndiyo maana zinabaki ngazi. Bismuti ya asili, kama ile iliyofanya Schneeberg ya Ujerumani ijulikane, ina weupe wa fedha wenye dalili ya waridi, nayo huwa na umbo la manyoya au chembe ndani ya mwamba. Angalia kitako cha kipande: kuna ukingo laini uliotiririka, mahali kiowevu kilipomwagwa. Kwaruza hapo kidogo na metali nyeupe itatokea chini ya rangi. Jaribio moja linalopendeza: ining'inize kwa uzi mrefu, subiri itulie, isogezee sumaku polepole. Itasogea nyuma kidogo, kwa kuwa bismuti husukumwa na sumaku.

Mrututu umewekwa humo kwa jina la kalkanthaiti, buluu ya kuvutia, nyuso zimenyooka kama zilizokatwa. Ni salfeti ya shaba yenye maji ndani yake, na kikemia ni kitu kilekile kinachopatikana kwenye majangwa ya machimbo ya shaba kama Chuquicamata, Chile. Huko lakini huja kama nyuzi zilizojikunja, mishipa na magamba. Fuwele pana, safi, yenye urefu wa vidole viwili, imekuzwa kwenye chombo cha maji ya mrututu yaliyoachwa yakauke. Tuliipima kwenye mafuta ya taa: gramu 18.2 ikasukuma mafuta gramu 6.4, 2.84 mara 0.8 ni 2.28 kwa kukadiria, ndiyo densiti yenyewe. Densiti basi haitofautishi hapa. Kinachotofautisha ni umbo, na mara nyingi sehemu ndogo bapa mahali fuwele ilipokaa kwenye kitako cha chombo. Kipande hiki kimepakwa vanishi, ndiyo maana pamba yenye maji haitoki na buluu hadi vanishi ikwaruzwe. Vanishi inasaidia, kwani bila hiyo hewa kavu hunyonya maji ya ndani na uso hugeuka unga mweupe. Kosa zito la sanduku liko hapa: hakuna onyo lolote. Mrututu ni sumu ukimezwa na huunguza macho. Kwenye sanduku linalolenga wanafunzi hilo halina udhuru. Uweke kwenye chupa yenye kifuniko, nawa mikono, na asithubutu mtu kuonja kipande chochote humo kwa kisingizio cha kutambua chumvi.

Zinkaiti ni sindano za rangi ya chungwa zinazopitisha mwanga. Asili yake ya kijiolojia ni Franklin na Sterling Hill, New Jersey, Marekani. Huko ni madoa mekundu mazito, rangi ya manganisi, yaliyochanganyika na franklinaiti nyeusi na kalsaiti nyeupe. Fuwele zenye nyuso nzuri ni adimu. Sindano ndefu zenye rangi ya asali ziliingia sokoni kwa wingi kutoka Poland, ambako mvuke wa zinki ulikutana na hewa kwenye nyufa za matanuri ya kutengeneza oksidi ya zinki. Densiti ya 5.6 na unga wa manjano ya chungwa ni vilevile kwa zote mbili, kwa hiyo usizitegemee. Tegemea kilicho pembeni: sindano zisizo na mwamba, au zilizokaa juu ya ukoko wa tofali la tanuri, ni za kiwandani. Binafsi, tukiulizwa, hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote humu, na hakuna aibu yoyote kukiandika "zinkaiti ya tanuri".

Viwili vya mwisho ni kioo, na kioo si fuwele wala si madini. "Jiwe la jua" ni kioo cha kahawia chenye vimetameta. Chini ya lenzi vimetameta hivyo ni vibapa vya shaba vya pembe tatu na pembe sita, vyenye ukubwa unaokaribiana na kutawanyika sawasawa kila mahali. Jiwe la jua la kweli ni feldispa: ligeuze taratibu, na vibapa vyake humulika pamoja kwa sababu vimelala upande mmoja, kisha huzima pamoja. "Jiwe la mwezi" ni kioo cha maziwa kinachoonekana buluu juu ya kitambaa cheusi na rangi ya chungwa ukikielekeza dirishani. Viputo vya mviringo viko ndani, na mstari mwembamba wa kalibu umezunguka ukingo.

Njia ya kumaliza ubishi wa kioo ni vipande viwili vya plastiki ya kupolaraizi, inayopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu, hata vya kioo cha kikokotoo kilichoharibika. Vipishanishe hadi giza liingie, weka jiwe katikati, ulizungushe. Kwatzi na feldispa zitawaka na kuzima. Kioo kitabaki giza. Tahadhari moja: floraiti na chumvi, zilizo za mfumo wa mchemraba, nazo hubaki giza ingawa ni fuwele kamili.

Nne zilizoguswa

Hizi hazihitaji maneno mengi. Sitrini ya humu ni amethisto, kwatzi ya zambarau, iliyochomwa kwa nyuzi 400 hadi 500. Ncha zina rangi ya chungwa iliyoungua na kitako ni cheupe kama chokaa, ilhali sitrini ya asili huwa na manjano hafifu yenye moshi, iliyoenea. "Bonaiti" ya rangi za tausi ni kalkopairiti, madini mengine ya shaba, iliyochovywa kwenye asidi: ukisugua kona, unakuta manjano ya shaba nyeupe, na unga ni mweusi wa kijani. Bonaiti ikivunjwa huwa na kahawia ya shaba nyekundu. Kwatzi ya "upinde wa mvua" imepakwa metali ndani ya chombo kisicho na hewa, na rangi imepita hata juu ya mvunjiko wa kitako na juu ya vumbi, jambo ambalo ardhi haifanyi. Akiki ya waridi kali imetiwa rangi. Wino umejikusanya kwenye nyufa, na pamba yenye asetoni imetoka na waridi.

Zilizoshukiwa bure

Tahadhari ya pili ni muhimu kama ya kwanza: unyoofu si ushahidi wa kiwanda. Mchemraba wa pairiti wa sanduku hili una kingo kali hivi kwamba wengi wataapa umesagwa na mashine. Michemraba kama hiyo hutoka Navajún, Hispania, ikiwa imekua ndani ya mwamba laini wa udongo uliogandamizwa. Ithibati iko kwenye nyuso: mistari myembamba sambamba, na mistari ya uso mmoja husimama wima kwa ile ya uso wa jirani. Msumeno hauachi mpangilio huo. Kilicho na mkono wa mtu ni gundi: taa imewaka buluu nyeupe kuzunguka mchemraba, maana yake ulidondoka ukarudishwa. Si hatia, lakini huandikwa.

Floraiti yenye nyuso nane ni ya ardhini, ila umbo hilo limepatikana kwa kuipasua kwenye mipasuko yake minne. Nyuso zake zina vijingazi na mng'ao wa lulu kidogo, tofauti na nyuso zilizokua. Kwatzi angavu tuliitafutia dalili za chombo cha shinikizo, ambamo kwatzi ya viwanda hukuzwa kutoka bamba dogo la mbegu: bamba linaloonekana katikati, na uso wenye vinundu kama barabara ya mawe. Hakuna. Ina mistari ya mlalo kwenye nyuso za pembeni, kitako kilichovunjika na ukungu wa vimiminika ndani. Ni ya asili. Kipande cheusi cha obsidiani ni kioo pia, lakini cha volkano. Kiko kwenye hesabu yetu ya 12 ingawa kwa ukali wa maneno ni mwamba.

Chumvi ya waridi imekua kwenye bwawa la kukaushia. Maji ya chumvi ni ya ardhi, jua ni jua, bwawa limechimbwa na mtu ili chumvi ikauke humo. Sisi tusingeiita ya asili moja kwa moja, na tusingeiita ya kiwandani. "Halaiti, bwawa la uvukizi" inatosha, na msomaji ataelewa.

Je, linunuliwe?

Kwa mwalimu mwenye mizani na subira, ndiyo: nyota 3 kati ya 5, na zingekuwa 4 kama mrututu ungekuja na onyo. Kwa anayeanza mkusanyo wa madini ya maeneo yanayojulikana, hapana, maana hakuna lebo hata moja yenye jina la mgodi au wilaya. Nchi pekee imetajwa, na kwa vipande vitano hata nchi haimo. Kipande kisicho na mahali kilikotoka hakina thamani kwa mkusanyaji makini, hata kikiwa cha asili bila shaka.

Ukilinunua, toa lebo zilizomo kabla hujasahau kipande kipi kilikaa kishimo kipi, uandike mpya zenye mistari mitatu: kitu chenyewe (kabidi ya silikoni), kilivyopatikana (tanuri la Acheson), na ushahidi (densiti 3.2, kaboni upande wa chini, hakuna mwamba). Gundisha namba ileile kwenye kipande kwa tone la rangi nyeupe upande usioonekana. Mrututu uondoe kwenye sponji siku hiyohiyo, kwa sababu unyevu ukiufikia, majimaji yake huchafua kishimo cha jirani, na jirani yake hapo ni kalsaiti.